Kukaa Mahali Pamoja: Historia na Siku ya Watawa wa Kibenediktini

Hotuba kwa wazazi, makatekista na mabinti, Tabora

Tumsifu Yesu Kristo.

Wazazi wetu shikamooni. Makatekista, na ninyi mabinti mliokuja na madaftari yenu, karibuni.

Binti akisema nyumbani kwamba anataka kwenda kwa masista wa Kibenediktini, mzazi huuliza swali moja: anakwenda kufanya nini huko? Atakuwa nesi? Mwalimu? Anaweza kuwa yote hayo, anaweza pia kuwa mlimaji wa bustani au fundi cherehani, lakini hilo si jibu. Anakwenda kukaa. Mbenediktini anaahidi mbele ya altare kwamba atadumu katika jumuiya moja, pamoja na watu wale wale, mpaka azikwe kwenye makaburi ya nyumba hiyo. Mambo yao mengine mengi, kuanzia kengele ya alfajiri hadi tenki la maji, yanaeleweka ukianzia hapo.

Huku kwetu magharibi jambo hili ni geni kidogo, na kuna sababu ya kihistoria. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwanzoni mwa 1879. Kanda hii ikawa yao, na mashirika ya masista tuliyoyazoea yamelelewa katika roho yao. Wabenediktini walipewa kusini: Lukuledi, Nyangao, Ndanda, Peramiho. Kwa hiyo mtu wa Songea anaijua kengele ya Wabenediktini tangu utotoni, na mtu wa Urambo au Kasulu huenda hajawahi kuisikia. Walio karibu nasi zaidi kwa upande huu ni wamonaki wa Mvimwa kule Rukwa, tawi lililochipuka kutoka monasteri ya Hanga, kule Ruvuma.

Turudi nyuma. Mtakatifu Benedikto alizaliwa Nursia, Italia, yapata mwaka 480. Aliishi kwanza Subiaco, kisha akajenga monasteri juu ya mlima wa Monte Cassino, na huko akaandika Kanuni yake, yaani mwongozo wa maisha ya watawa, yenye sura 73. Ni kitabu kidogo, mtu anakimaliza kwa siku moja. Dada yake, Skolastika, ndiye mama wa masista wote wa Kibenediktini, na habari zake tunazipata kwa Papa Gregori Mkuu: walikuwa wakikutana mara moja tu kwa mwaka, na mara ya mwisho aliomba mvua kwa Mungu ili kaka yake ashindwe kuondoka, ikanyesha kweli. Sikukuu yake ni tarehe 10 Februari.

Monte Cassino yenyewe imebomolewa mara nne: na Walombardi katika karne ya 6, na Wasaraseni mwaka 883, na tetemeko la ardhi mwaka 1349, na mabomu ya ndege tarehe 15 Februari 1944. Mara zote wamonaki walirudi na kujenga pale pale.

Sasa, mtu aliyeahidi kukaa mahali pamoja anawezaje kuwa mmisionari? Swali hili liliwasumbua Wabenediktini wenyewe. Jibu la zamani lilitolewa katika karne ya 8, Mtakatifu Bonifasi alipomwita Lioba na wenzake kutoka Uingereza kwenda Ujerumani. Hawakwenda kuzunguka wakihubiri. Walifungua nyumba huko Tauberbischofsheim, wakakaa, na watu wakajifunza kwa kuona jinsi wanavyoishi. Andreas Amrhein, mmonaki wa monasteri ya Beuron huko Ujerumani, alilifufua wazo hilo, na mwaka 1885 akaanzisha shirika la masista ambalo leo tunaliita Masista Wamisionari Wabenediktini wa Tutzing. Miaka miwili baadaye kundi la kwanza, wakiwamo masista wanne, lilianza safari ya kuja Afrika Mashariki.

Mwanzo ulikuwa mgumu sana. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ya Pugu ilishambuliwa. Sista Martha Wansing aliuawa pamoja na mabruda wawili, na wengine wakachukuliwa mateka. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani kusini akiwa na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Tuseme ukweli wote: watu wa kusini walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na pamba ya lazima ya serikali ya Kijerumani, na wamisionari walikuja chini ya bendera hiyo hiyo. Haikuwa rahisi kumtenganisha mmoja na mwingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walifukuzwa nchini, na kwa muda kazi ikabaki hasa kwa Waswisi na makatekista wetu. Pamoja na hayo yote, nyumba za Peramiho na Ndanda hazikufa.

Hatua iliyokuwa na uzito kuliko zote, kwa maoni yetu, ni mabinti wa Kitanzania kuwa na mashirika yao wenyewe. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, karibu na Songea, walianza mwaka 1938. Kuna wa Ndolo kule Ndanda, na wa Imiliwaha kule Njombe. Hawa si wasaidizi wa mtu. Wana mama wakuu wao, mashamba yao na madeni yao. Masista wa Chipole walijenga mtambo wa umeme wa maji pale Tulila, katika mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, ukazinduliwa mwaka 2015, na umeme wake wakaanza kuiuzia TANESCO wakati Songea ilikuwa bado inategemea jenereta za dizeli. Mradi wa namna hiyo unaanzishwa na mtu anayejua kwamba miaka 40 ijayo atakuwa bado yupo.

Sasa siku yenyewe. Ratiba hutofautiana kati ya nyumba na nyumba, lakini inafanana na hii. Kengele ya kuamka inalia saa 10:40 alfajiri. Saa 11:10 wote wako kanisani kwa Masifu ya Asubuhi, kisha kila mmoja anakaa na Maandiko nusu saa kwa usomaji wa taratibu wanaouita lectio divina. Misa saa 12:30. Uji, halafu kazi kuanzia saa 2:00. Sala ya Mchana saa 6:15, ikifuatiwa na chakula kinacholiwa kimya huku mmoja akisoma kwa sauti. Kazi tena kuanzia saa 8:30. Masifu ya Jioni saa 12:00, chakula, na kipindi cha mazungumzo ya pamoja ambacho hakuna ruhusa ya kukikwepa. Sala ya kumalizia siku ni saa 2:15 usiku, na baada yake kimya kikuu mpaka asubuhi.

Benedikto alitaka zaburi zote 150 zimalizike kila juma. Nyumba nyingi zenye shule au hospitali huzigawa kwa muda mrefu zaidi. Zinaimbwa kwa pande mbili: upande huu mstari mmoja, upande ule mstari unaofuata. Katikati ya kila mstari wanasimama kwa pumzi moja. Pumzi hiyo ndipo novisi, yaani binti aliye katika malezi kabla ya nadhiri, anapokosea, kwa sababu amezoea kwaya ya parokia yenye ngoma na kinanda, naye anaona kimya kile kama kosa la kuzibwa haraka. Upande mmoja ukianza kukimbilia, ule mwingine unafuata, sauti inashuka nota kwa nota, na kufika zaburi ya tatu kila mtu amechoka. Dawa yake si kuimba kwa nguvu. Ni kumsikiliza aliye kando yako, na kuimba chini ya sauti yake.

Kanuni inamjali hata anayechelewa. Katika sala ya usiku, zaburi ya 94 (katika Biblia zetu nyingi ni ya 95) isomwe polepole, makusudi, ili aliyepitiwa na usingizi aiwahi. Akifika baada ya hapo haendi kwenye nafasi yake; anasimama mahali palipotengwa, mbele ya macho ya wote. Yaani wanamsubiri kwanza, ndipo wanamwajibisha.

Upande wa kazi, zamu ya jikoni ni ya juma moja. Jumamosi anayemaliza zamu anafua taulo zote, anarudisha vyombo kwa mtunza stoo vikiwa safi na bila upungufu, na mtunza stoo anavihesabu tena mbele ya anayeingia. Sufuria, miiko, visu, madumu. Hesabu hiyo inaonekana ya ubahili, lakini imeokoa ugomvi mwingi: kisu kikipotea Jumatano, inajulikana ni juma la nani. Benedikto anasema mtunza stoo aangalie vyombo vyote vya nyumba kama anavyoangalia vyombo vya altare. Jembe lililoachwa na udongo mbichi usiku kucha, kwa Kanuni hii, ni jambo la kuombea msamaha.

Mnafahamu kwamba nyumba nyingi za watawa hutengeneza hostia. Tueleze kidogo, maana watu wanapokea kila Jumapili bila kujua zinavyotengenezwa. Sheria ya Kanisa inataka ngano tupu na maji tu. Unga wa mahindi, muhogo au mtama haufai, na haiongezwi chumvi, hamira wala mafuta. Unga mweupe laini wa ngano unachekechwa mara mbili, kisha unakorogwa na maji, kiasi cha lita moja na robo hadi moja na nusu kwa kilo moja, kutegemea unga unavyokunywa. Uji huo unapaswa kumiminika kwa wepesi bila mabonge. Unamwagwa katikati ya sahani mbili za chuma zenye moto, zinabanwa, mvuke unatoka pembeni kwa mlio, na ndani ya dakika mbili hivi karatasi ya hostia imeiva: nyeupe, kavu, yenye alama za msalaba zilizotoka kwenye chuma.

Kosa la kwanza ni moto mwingi, karatasi inakuwa ya kahawia. La pili ni kukoroga unga mwingi asubuhi na kuuacha. Kwa joto la Oktoba hapa Tabora utachacha kabla ya jioni. La tatu, ambalo ndilo linaloharibu zaidi, ni kukata mara baada ya kuoka. Karatasi iliyotoka kwenye chuma ni kavu mno, ukikata inavunjika na nusu yake inakuwa chenga. Lazima ilale usiku kucha mahali penye unyevu, kwenye kabati yenye vitambaa vilivyoloweshwa na kukamuliwa, mpaka ikikunjwa kidogo isipasuke. Ikizidi unyevu nayo inanata kwenye kisu cha kukatia, na inaweza kuota ukungu. Wakati wa masika muda wa unyevu unapunguzwa. Wakati wa kiangazi unaongezwa. Zikishakatwa, ndogo kipenyo cha sentimita 3 hivi na ya padre sentimita 7 hivi, zinakaushwa tena, zinachekechwa kutoa chenga, na kila iliyomeguka inatolewa kwa mkono. Kuhusu bei, Kanuni iliandika kwamba kazi za mikono za monasteri ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya wengine, ili tamaa isiingie.

Sura ya 66 inasema monasteri, ikiwezekana, iwe na maji, kinu, bustani na karakana ndani ya eneo lake, ili watawa wasilazimike kuzurura nje. Mtu akitaka kufungua nyumba ya namna hii huku kwetu, basi aanze na maji kabla ya kanisa. Chukueni mfano wa masista 40 wanaotumia lita 40 kila mmoja kwa siku. Hizo ni lita 1,600. Kiangazi chetu cha miezi sita, siku 180, kinadai lita 288,000, na hapo hatujamwagilia hata mche mmoja wa mchicha. Mvua ya Tabora ni karibu milimita 900 kwa mwaka. Milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja. Bati la mita za mraba 400, tukikadiria kwamba sehemu moja kati ya tano inapotea, linatoa kiasi kile kile cha lita 288,000. Kwa hiyo bati la kanisa na bweni linaweza kutosha kwa kiangazi, mradi maji ya kutumia wakati wa mvua yapatikane kwingine. Kinachoshinda watu ni pa kuyaweka: mahitaji ya miezi sita yanataka matenki ya saruji makubwa, na wafadhili wengi wanapenda kujenga kisima chenye pampu kwa sababu kinapigwa picha vizuri. Pampu ikifa na hakuna aliyefundishwa kuifungua, masista wanarudi kubeba ndoo kichwani. Na mvua ya kwanza ya Novemba isiingizwe tenkini kamwe. Inaosha vumbi la miezi sita, majani ya miembe na kinyesi cha ndege. Mfereji wa bati uwe na mahali pa kuielekeza nje mpaka maji yatoke meupe.

Kinachozidhoofisha nyumba hizi zaidi ya njaa ni kazi kuimeza sala. Hospitali ina wagonjwa, shule ina mitihani, na kila mara kuna sababu nzuri ya kutokwenda kwenye Sala ya Mchana. Sista nesi aliyetoka zamu ya usiku hawezi kulazimishwa kuamka saa 10:40, hilo liko wazi, na Kanuni inaweka wagonjwa mbele ya yote. Lakini nyumba yenye masista 20 ambapo saa 6:15 wanafika wanne tu imeanza kuwa bweni la wafanyakazi. Mama mkuu mwenye busara anaongeza watu kwenye zamu au anapunguza mradi. La pili ni manung'uniko. Benedikto anayakemea tena na tena, kwenye chakula, kwenye nguo, kwenye utii, kwa sababu watu wasioweza kuhama hawana pa kukimbia maneno.

Mabinti, sasa ninyi. Hatua zinaanza na ukandidati na upostulanti, ambapo unaendelea kutazama na kutazamwa. Kisha unovisi. Sheria ya Kanisa inataka uwe na umri wa miaka 17 kamili, na unovisi uwe wa miezi 12 kwa uchache, ndani ya nyumba ya unovisi. Wazazi msikilize hapa: novisi akikosekana zaidi ya siku 15 lazima azifidie, na akikosekana zaidi ya miezi mitatu, hata kwa vipande vipande, unovisi wote ni batili na unaanza upya. Ndiyo maana mkipeleka habari ya harusi ya kaka yake mnaambiwa hapana. Siyo ukatili wa mlezi.

Baada ya hapo ni nadhiri za muda, ambazo huanzia miaka mitatu na kwa kawaida hazizidi sita, ndipo nadhiri za daima, si kabla ya kutimiza miaka 21. Mbenediktini anaahidi mambo matatu: kudumu katika jumuiya, kuongoka kimaisha siku zote, na utii. Ufukara na usafi wa moyo vimo ndani ya ahadi hiyo ya pili. Hati ya nadhiri anaiandika kwa mkono wake mwenyewe na kuiweka altareni kwa mkono wake. Na Kanuni inaagiza nguo alizokuja nazo zitunzwe stoo, zisitupwe, kwa sababu mtu anaweza kuondoka, na asiondoke uchi.

Cha kubeba siku ya kwenda: cheti cha ubatizo na cha kipaimara, uthibitisho kwamba hana kifungo cha ndoa, barua ya paroko, vyeti vya shule, na majibu ya daktari. Mahari hakuna, na nyumba inayodai fedha nyingi ili kumpokea binti iulizwe maswali.

La mwisho ni mali, kwa kuwa ndilo linaloleta kesi kwenye koo zetu. Kabla ya nadhiri za kwanza, sista anakabidhi usimamizi wa mali yake kwa mtu anayemchagua mwenyewe. Kabla ya nadhiri za daima anaandika wosia unaokubalika kwa sheria ya nchi. Kwa hiyo kama binti ana sehemu ya shamba la baba, jambo hilo lizungumzwe nyumbani mapema na liandikwe, lisiachwe mpaka siku ya msiba. Na akiondoka utawani, iwe kwa hiari au kwa kuondolewa, hawezi kudai mshahara wa miaka aliyofanya kazi. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inalitaka shirika limtendee kwa haki na kwa upendo. Mnapomsindikiza, muulizeni mama mkuu waziwazi: kwenu hapa, anayeondoka baada ya miaka kumi anapewa nini cha kuanzia maisha? Nyumba nzuri ina jibu lililoandikwa, na itawaonyesha.